Kitana cha chuma kwa paka wa Persia

Kitana cha chuma chenye meno marefu, ncha butu, kinaishinda brashi laini kwa mbali kwa paka wa Persia, aina ya paka mwenye manyoya marefu na uso bapa. Brashi hupita juujuu na paka akapendeza, kumbe manyoya ya ndani yameshasokotana. Chana kila siku: meno mapana kwanza, membamba baadaye, ukigawa manyoya mafungu mafungu hadi ngozi ionekane. Vifundo huanzia kwapani na nyuma ya masikio. Usivikate kwa mkasi; ngozi huvutwa juu pamoja na kifundo, ukaikata. Shika shinani, fumua kuanzia nchani.

Paka huyu ni mtulivu, hukubali kupakatwa, ila tumboni hata mpole hutoa kucha. Machozi usoni kitana hakiyawezi: tumia pamba na maji ya uvuguvugu.