Luthuli Avenue kwa kiti cha magurudumu: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa redio na spika, na vipuri vyangu vingi natoa Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya Nairobi. Natembelea kiti cha magurudumu, kwa hivyo barabara naipima kwa mikono kabla ya macho.

Zamani nilikuwa namtuma kijana. Matatu zilijipanga huku na huku, watu wakijipenyeza kati ya bampa na bampa. Mwaka 2019 kaunti, ikisaidiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, iliziondoa, magari yakaachiwa njia moja ya kwenda upande mmoja tu, na nafasi iliyopatikana wakapewa waendao kwa miguu. Miti ikapandwa, viti vya kupumzikia vikawekwa.

Siku hizi naenda mwenyewe. Njia ni pana: mtu akija na televisheni begani tunapishana bila yeyote kusimama. Makelele yapo bado, ila honi zimeziachia zamu spika za maduka (nusu yazo besi imepasuka, nazisikia nikipita).

Lakini duka lenyewe ni habari nyingine. Mengi yana kingazi mlangoni, kimoja tu, na kinatosha kunizuia. Muuzaji hunitolea ampifaya nje, anavuta waya mpaka mlangoni, tunaijaribu hapo hapo watu wakipita. Bei haipunguzwi kwa sababu hiyo, nimeuliza.

Kero kubwa ni bodaboda kuegeshwa pale pale kiti kinapopandia njia ya miguu. Ukisema, unajibiwa, "Pole mkubwa, natoa saa hii," na kweli anatoa. Ukirudi, imeegeshwa nyingine. Mikokoteni ikipita njia ya baiskeli mimi silalamiki. Nayo inasukumwa na mtu.

Ndani ya Luthuli natoa nyota nne. Kufika Luthuli, moja. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinanipa haki ya kufikia ipasavyo mahali pote na kutumia usafiri wa umma, lakini makanga akikiona kiti ananidai nauli ya watu wawili, au anapiga mlango gari liondoke. Na ukivuka upande wa River Road, ule upana unakatika ghafla, unarudi kuomba njia kati ya mizigo.

Mwenye kiti kama changu aje asubuhi, maduka yakishafunguliwa na kabla bodaboda hazijajaa. Na aje na glavu, vumbi la River Road halitoki kucha.