Toyota Starlet EP91 ya 1996: uzoefu wangu wa miaka miwili chini ya mwembe

Aliyeniuzia aliapa kwa jina la mama yake kwamba injini haijaguswa. Na hakusema uongo. Injini ilikuwa haijaguswa. Vilivyoguswa ni vyote vinavyoizunguka.

Nililichukua kwa milioni 3 na laki 6, gia 5 za mkono, rangi ya fedha iliyokwisha kufifia, neno Reflet, jina la toleo lake, bado liko mlango wa nyuma ila limepungua herufi moja. Nikavuka nalo daraja hadi Kigamboni, nikaliegesha uani chini ya mwembe, na tangu siku hiyo mpaka leo sijawahi kulilaza gereji ya mtu hata usiku mmoja. Kazi zote nimezifanya mwenyewe Jumamosi na Jumapili, isipokuwa kuchomelea bodi na kupiga balansi. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu aliyechubuka vidole.

Kwa asiyeijua, EP91 ndiyo Starlet ya mwisho. Ilianza kuuzwa Japani katikati ya miaka ya tisini, na 1999 Toyota wakaleta Vitz ikachukua nafasi yake. Injini ya hizi za kawaida ni 4E-FE, cc 1,331, valvu 16. Ndugu yake mwenye turbo, 4E-FTE, yumo ndani ya Starlet iitwayo Glanza V, na huyo ndiye anayewakosesha vijana usingizi. Yangu haina turbo. Lakini gari lenyewe halifiki tani moja, na gia ya pili ukiikanyaga vizuri unasahau kama lina umri wa kuoa.

Sababu kubwa ya kulipendekeza kwa mtu anayetaka kujifunza ufundi nyumbani ni hii: spana namba 10, 12 na 14 zinafungua karibu gari zima. Ongeza boksi ya plagi, namba 21 ya nati za tairi, jeki na stendi mbili za chuma (stendi, tafadhali, si matofali), na unaweza kuanza kesho. Ukifungua boneti unaona ardhi upande wa pili. Mkono unaingia. Nimewahi kumsaidia shemeji kubadilisha plagi kwenye gari la kisasa, tukafungua nusu saa kabla hatujaiona plagi yenyewe.

Sasa nije kwenye mkasa.

Gari lilikuwa na tatizo moja tu, au ndivyo nilivyodhani: asubuhi haliwaki mpaka ulibembeleze. Mara tatu, mara nne, likishika linatetemeka kama mgonjwa wa homa, kisha baada ya dakika chache linatulia. Fundi wa kwanza akasema plagi. Nikaweka plagi. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Kabla sijanunua pampu nikakaa nalo jioni moja, nikawasha ufunguo bila kupiga stata, nikatazama taa za dashibodi. Ya oili ipo. Ya betri ipo. Ya cheki injini haipo kabisa. Ikanibidi nivue dashibodi, na nyuma yake nikakuta tundu tupu. Balbu ilikuwa imetolewa. Haikuungua, imetolewa kwa mkono wa binadamu, na kishikio chake kikarudishwa vizuri ili mnunuzi asiulize.

Balbu ilikuwa shilingi 1,000. Nikaiweka, nikawasha, na taa ikawaka ikakataa kuzima.

Hapa ndipo Toyota za miaka ile zinapokuwa rafiki wa maskini. Huhitaji mashine ya kupima. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua kifuniko utaona vitundu vyenye majina. Chukua kipande cha waya, unganisha TE1 na E1, washa ufunguo bila kuwasha injini, halafu hesabu jinsi taa inavyokonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa. Yangu ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili. 22. Hiyo ni sensa ya joto la maji. Nikafuata waya wake nikakuta umekatika karibu na soketi, umefunikwa kwa utepe mweusi. Kompyuta ya injini isipopata habari za joto haizimi gari. Hujikadiria kwamba injini imeshapata moto, na kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi inaipimia mafuta ya injini ya moto. Ndiyo maana lilikuwa linabembelezwa.

Nikaunga waya, nikachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta) kwa dakika moja ili makosa yafutike, nikarudisha. Asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Nikamwita mke wangu aje asikie. Akasikia, akasema hongera, akarudi jikoni.

Furaha ilidumu mpaka siku ya kujaza mafuta. Mimi hujaza tenki hadi juu na kuandika kilomita kwenye daftari, kwa hiyo sikisii: kabla ya kutengeneza sensa lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 11. Baada ya kuitengeneza ikawa 9. Nimetengeneza gari likaharibika zaidi! Nilikaa wiki nzima nikijiuliza nimekosea wapi, mpaka siku moja nikiwa kwenye foleni nikatazama mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa, saa saba mchana, jua la Dar.

Thamostati haikuwemo. Nadhani wengi wenu hata hamshangai, maana hapa mjini kuna mafundi wanaoitoa kama wanavyotoa takataka. "Hii ya nchi za baridi, bosi." Basi niliseme kwa urefu kidogo. Thamostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanazunguka ndani tu ili joto lipande upesi. Yakifika nyuzi za themanini na kidogo unafunguka na kuyapeleka kwenye rejeta yakapoe. Ukiutoa, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza na injini haipati moto wake sawasawa, hasa ukiwa kwenye mwendo. Sensa ikiwa imekatika kompyuta ilikuwa haijui. Nilipoitengeneza, ikajua kwamba injini ni baridi wakati wote, ikawa inamwaga mafuta ya kuipasha moto ambayo hayaishi. Sensa nzima ilikuwa inasema kweli, na ukweli ule ulikuwa ghali.

Nikanunua thamostati kwa wauza spea wa Gerezani. Kabla ya kuifunga niliipima: sufuria ya maji, jiko, thamostati inaning'inia kwenye uzi. Ilifunguka kabla maji hayajachemka, kama inavyotakiwa. Ukifanya hivi tumia sufuria ambayo haina mwenyewe. Nimejifunza hilo.

Nikaifunga. Siku ya kwanza mshale ukapanda mpaka kati, ukakaa. Siku ya pili, foleni ya kuelekea darajani, ukapita kati ukaendelea. Gari likachemsha.

Unaona sasa? Nilisimama pembeni, boneti juu, mvuke unatoka, bodaboda wananipa pole, na kichwani mambo yakaanza kujipanga kinyumenyume. Nilipofika nyumbani nikafuata waya wa feni. Ulikuwa umekatwa kwenye swichi yake na kuungwa moja kwa moja kwenye ufunguo, feni inazunguka muda wote. Mimi miezi yote nilidhani ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nikatoa rejeta, nikaingiza mpira wa maji juu. Chini yakatoka matone ya rangi ya chai ya maziwa. Miaka ya kujaza maji ya bomba bila kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ilikuwa imeigeuza rejeta kuwa tofali.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Rejeta iliziba, gari likachemsha. Mtu akatoa thamostati. Likapunguza kuchemsha ila si sana, mtu akaunga feni moja kwa moja. Katika kuhangaika huko waya wa sensa ukakatika, taa ikawaka, mtu akatoa balbu. Kisha wakaliuza, nami nikalinunua pamoja na historia yake yote. Rejeta mpya ilinigharimu laki 1 na 80 elfu. Nikaweka kulanti, nikarudisha waya wa feni kwenye swichi, nikatoa hewa kwenye mfumo kwa subira (gari limewashwa, mfuniko wazi, mpaka mapovu yaishe), na tangu hapo mshale haujasogea. Lita moja sasa ni kilomita 14, nikiwa mpole 15.

Sehemu kubwa ya yale ninayoyaita marekebisho yangu ni ya aina hiyo. Watu huja wakiuliza nimefunga nini; mimi kazi yangu imekuwa kufungua.

Springi, kwa mfano. Gari lilikuwa limeshushwa, na kwenye picha ya tangazo lilipendeza. Nilipolipiga jeki mara ya kwanza, springi ya mbele ikalegea kwenye kikalio chake, ukiishika inacheza. Zilikuwa zimekatwa na grainda. Springi iliyokatwa inakaa kwa sababu tu uzito wa gari umeikandamiza. Siku tairi likining'inia kwenye shimo haina kinachoizuia isihame. Huko kwetu barabara ya ndani ni mchanga na matuta ambayo kila mwenye nyumba amejenga lake. Nikatafuta springi nzima za mtumba, shokapu mpya nne, bushi za mbele. Gari likapanda vidole vitatu, vijana wa mtaani wakanisikitikia.

Rimu nazo. Zilikuwa za inchi 15, za gari jingine, zinang'aa, na kuanzia kilomita 80 kwa saa usukani ulikuwa unatetemeka. Nilipiga balansi mara mbili sehemu mbili tofauti, nikalipa mara mbili, bado. Nati zinalingana, 4 kwa 100 (nati nne kwenye duara la milimita 100), kwa hiyo muuzaji yeyote atakuambia "zinaingia". Zinaingia kweli. Lakini tundu la kati la Starlet ni milimita 54.1, na rimu zile tundu lake lilikuwa pana zaidi, zikakaa pembeni kidogo badala ya kukaa katikati ya habu, kile kitovu kinachobeba rimu. Kuna pete za kuziba nafasi hiyo. Mimi nilichukua rimu za inchi 14 za Vitz ya kwanza, ambazo nati na tundu vyote vinafanana. Matairi 185/60R14, ambayo kimo chake kinakaribiana sana na 155/80R13, hivyo kisoma mwendo hakidanganyi. Hili ndilo badiliko moja nililolifanya kwa ajili ya raha, na ningelifanya tena leo.

Kutu nitaipitia haraka maana inaniudhi. Upepo wa bahari hauna huruma. Ukienda kukagua gari kama hili chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa, ipitishe juu ya matairi ya nyuma, chini ya milango na sehemu inapokaa tairi ya akiba. Isiposhika, hapo pana puti, si chuma. Langu halikushika sehemu tatu, ila sumaku niliijua baada ya kununua.

Na nisijifanye malaika. Distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi, ilikuwa inavuja oili kwenye oringi yake (pete ya mpira), kazi ya shilingi elfu chache, nikaichomoa bila kuweka alama ya ilivyokuwa imekaa. Siku mbili gari halikuwaka. Ikabidi niazime taa ya taiming, ile ya kupimia plagi zinapiga moto wakati gani, nirudi kwenye TE1 na E1 ile ile ili kompyuta isiingilie, niipange kwenye nyuzi 10. Chora alama kwa msumari kwanza. Sekunde tano tu.

Spea si tatizo: Gerezani na Kariakoo utapata karibu kila kitu cha mitambo, mpya na mtumba, ila nenda na kile kibovu mkononi, usitaje jina tu. Vinavyosumbua ni vitu vya ndani, plastiki za dashibodi, vishikio vya vioo, mipira ya milango. Kioo changu cha nyuma kushoto kinapanda kwa kusaidiwa. Breki za nyuma ni za ngoma, zinatosha. Kelele za barabarani zote utazisikia, na kiyoyozi kikiwashwa kwenye mlima wa daraja gari linakuuliza kama una uhakika.

Daftari linasema nimetumia milioni 2 na laki 9 juu ya bei ya kununulia. Kwa fedha ile ningepata Vitz iliyotulia. Anayetaka gari la kumfikisha kazini tu achukue Vitz. Nyota nne kati ya tano, moja nimeiondoa kwa ajili ya kutu.

Kuna muuzaji mmoja wa injini ananitumia picha kila mwezi: 5E-FE iliyotolewa kwenye Toyota Raum, cc 1,497, upana wa silinda ni ule ule wa milimita 74, ila pistoni inasafiri 87 badala ya 77.4. Inakaa mahali pa 4E bila ugomvi mkubwa, ingawa namba ya injini itabidi ibadilishwe kwenye kadi ya gari. Mara zote nimemjibu kwamba yangu haina shida, ni nzima, haijaguswa. Jana ameshusha bei kwa laki mbili. Nimemwambia anishikie mpaka mwisho wa mwezi.