subprocess ya Python: nimeitumia miaka, haya ndo maoni yangu

Jamani kila wiki nakutana na mtu anauliza afanyeje aite komandi ya sheli (ile programu inayopokea komandi unazoandika kwenye terminali) toka ndani ya programu yake halafu ayapate yale maandishi inayotema, na mimi hii moduli ya subprocess nimekaa nayo muda mrefu mpaka tabia zake nazijua, kwa hiyo nimeona niandike yote niliyoyaona, mazuri na ya kuudhi.

Wengi tunaanza na os.system kwa sababu ni fupi. Tatizo lake maandishi yanamwagika moja kwa moja kwenye terminali, programu yako inabaki na namba tu. Mtu anaandika x = os.system("date") akiprint x anaona 0 anabaki anashangaa tarehe iko wapi, kumbe ile 0 maana yake komandi imeisha salama, tarehe yenyewe imeshapita zake. Kama unataka kuyashika matokeo achana nayo kabisa.

subprocess yenyewe iliingia kwenye Python 2.4 mwaka 2004 ila utamu ulianza na funksheni ya run kwenye 3.5, mwaka 2015, halafu 3.7 ya 2018 wakaongeza capture_output na text. Kabla ya hapo unaandika stdout=subprocess.PIPE, stderr=subprocess.PIPE, ukimaliza unapewa bytes, yaani data ghafi zenye kile ki-b mbele, uanze kuzigeuza maandishi mwenyewe. Siku hizi ni hivi tu:

r = subprocess.run(["df", "-h"], capture_output=True, text=True, check=True)

Matokeo yako yako r.stdout, malalamiko ya komandi yako r.stderr, kila kimoja na chombo chake. Hapo naisifia kwa moyo wote, huchanganyi data na kelele.

Sasa hiyo check=True msiiache, nawaomba. Bila hiyo komandi ikifeli Python inakaa kimya inaendelea na mstari unaofuata kama hakuna kilichotokea. Mimi skripti yangu ya bakapu ilikuwa inaita tar, komandi ya kufungasha mafaili pamoja, diski ikajaa, tar ikawa inafeli kila usiku na skripti inaandika imekamilika, siku 13, nikaja kujua siku tunayohitaji kurudisha faili na hakuna kitu. Iliniuma sana ile. Ukiweka check unapata CalledProcessError palepale, ila na hapa nina lawama moja, ujumbe wake unakwambia komandi ipi na namba gani basi, sababu yenyewe haionyeshi, lazima uikamate kosa uprint e.stderr mwenyewe. Mtu mgeni hawezi kujua hilo, anaona namba 2 tu anaanza kuhangaika.

shell=True ndo sehemu inayonitia hofu zaidi. Ni rahisi, unaandika komandi nzima kama unavyoiandika kwenye terminali na paipu zake (ile alama | inayopeleka matokeo ya komandi moja kwa nyingine), lakini ukiunganisha na jina la faili alilotuma mtu mwingine umempa huyo mtu funguo za nyumba. Jina likiwa na nukta mkato na rm, komandi ya kufuta, ndani yake sheli inatii tu, haijui kwamba lile lilikuwa jina. Ukipitisha orodha kama nilivyofanya kwa df, kila kipande kinafika kwa programu kama kilivyo, nafasi, nukta mkato, alama ya dola, vyote vinabaki herufi za kawaida. Gharama yake ni kwamba nyota haifanyi kazi, ["ls", "*.txt"] itatafuta faili linaloitwa hivyohivyo kwa nyota yake, tumia moduli ya glob ikutafutie majina. Na kama sheli huwezi kuikwepa basi pitisha kila kitu cha nje kwenye shlex.quote, inayokifunga kwa nukuu ili sheli ikione kama maandishi tu.

Halafu kuna lile la kuganda. Nilikuwa na programu inatumia Popen, njia ya chini zaidi ya run inayoanzisha komandi bila kuisubiri, na stdout=PIPE halafu wait(), majaribio yote inapita, ikikutana na faili kubwa inasimama, haifi, haisemi, CPU iko chini kabisa. Nilitafuta siku mbili. Kumbe paipu ina bafa, yaani nafasi ya kuhifadhi data kwa muda, kwenye Linux kwa kawaida ni baiti 65,536, programu uliyoiita ikiijaza inasubiri mtu asome, na mimi nimekaa kwenye wait() nasubiri imalize, kila mtu anamngoja mwenzake milele. Dawa ni communicate(), inasoma huku inasubiri, na run inafanya hivyo yenyewe ndo maana naipenda. Nyaraka za Python zimeonya kabisa hili, sema wait() jina lake linavutia mtu kulitumia.

Kuonyesha matokeo mubashara mstari kwa mstari bado ni usumbufu, maana programu nyingi zikiona haziandiki kwenye terminali zinalimbikiza kwanza ndo zinatoa kwa mkupuo. Hilo si kosa la subprocess. Kama unayoiita ni Python weka -u ili isilimbikize, nyingine jaribu kuiita kupitia komandi ya stdbuf -oL, ili itoe mstari kwa mstari.

Kwa ujumla naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja naizuia kwa sababu ya timeout, kile kikomo cha sekunde unachoipa komandi. Ukiweka timeout=30 pamoja na shell=True na paipu ndani, muda ukiisha inayouawa ni sheli, programu ilizozizaa zinaweza kubaki zinaendelea kula CPU nyuma huko na wewe umeshapata TimeoutExpired unadhani yameisha. Mimi sasa hivi kazi za hivyo natumia p = Popen(...) na start_new_session=True, inayoipa komandi kundi lake lenyewe, muda ukipita naita os.killpg, inayoua kundi zima, kwa p.pid, ukoo mzima unaondoka kwa pamoja.