Mpira wa Kutafuna, Dawa Chungu, Kizimba na Kamera: Tathmini ya Vifaa vya Mbwa Mchanga Anayebaki Peke Yake

Mbwa wangu alikuwa na umri wa miezi mitano nilipoanza kumwacha nyumbani peke yake kwa saa tatu au nne kwa siku. Katika wiki mbili za mwanzo alinimalizia jozi mbili za viatu, akalifumua kochi pembeni hadi sifongo ikatapakaa sebule nzima, kisha akahamia kwenye mwimo wa mlango wa mbele, akauguguna mpaka rangi yote ikatoka na ubao ukabaki mweupe. Nilinunua vitu vitatu kwa mkupuo: mpira mgumu wenye uwazi ndani wa kujazwa chakula, dawa chungu ya kupulizia vitu ili asivitafune, na kizimba cha waya cha kukunjwa. Cha nne, yaani kamera ndogo, nilikinunua mwezi mmoja baadaye, na ndicho nilichopaswa kuanza nacho.

Mpira wenyewe una umbo la mafundo matatu yaliyopandana, kubwa chini na dogo juu, kwa hiyo ukianguka hudunda upande usioutarajia. Vichezeo vya namna hii vilianzia Marekani katika miaka ya 1970, pale Joe Markham alipomwona mbwa wake, Fritz, aliyezoea kutafuna mawe, akiking'ang'ania kipande cha mpira kilichotolewa kwenye gari la Volkswagen. Hapo ndipo lilipotoka wazo lililozaa KONG, chapa ya mipira ya aina hii. Wangu ni wa mtengenezaji mwingine, lakini kanuni ni ile ile. Nilichokikagua kwanza ni matundu, kwa sababu ni lazima yawe mawili: mpira wenye tundu moja unaweza kufyonza ulimi wa mbwa na kuunasa ndani. Cha pili ni ugumu. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utoto, ambayo hung'oka na kupisha meno 42 ya ukubwani kati ya takriban mwezi wa nne na wa saba, na fizi zake katika kipindi hicho humwasha kiasi kwamba kutafuna si utundu bali ni haja. Ukibonyeza kichezeo kwa ukucha wa kidole gumba kisibonyee hata kidogo, hicho ni kigumu mno kwa meno yake.

Ninaujaza chakula chake cha kawaida kilicholoweshwa maji, kisha ninaulaza kwenye friza. Chakula kikiwa laini humalizika kwa dakika kumi. Kikiganda, humshughulisha kwa karibu dakika arobaini, na kulambalamba huko humtuliza hata akasinzia. Anayependa kutumia siagi ya karanga asome kwanza maandishi ya kopo, kwa kuwa zailitoli, sukari mbadala inayotiwa katika baadhi ya aina, ni sumu kwa mbwa. Kasoro yake ni usafishaji: shingo ni nyembamba, na bila brashi ya kuoshea chupa harufu huanza siku ya tatu.

Dawa chungu haihitaji maneno mengi. Mbwa wangu aliilamba, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake. Kwa miguu ya meza ilisaidia kidogo, lakini hukauka na kupoteza nguvu, hivyo inabidi kuipulizia tena na tena.

Kizimba kilinikera zaidi. Mlango ukiwa wazi aliingia mwenyewe na kulala, nami nikadhani nimeshinda. Siku niliyomfungia nikaondoka, nilirudi nikakuta waya mmoja umepinda, godoro lake limelowa ute, na ufizi wake unatoka damu. Muuzaji aliniambia kwamba atazoea. Sikukubaliana naye wakati ule, na baada ya kuona picha za kamera ndiyo kabisa.

Kamera niliielekeza mlangoni. Mpira ule ule uliomshughulisha dakika arobaini nikiwa chumba cha pili, nilipotoka hakuugusa kabisa. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, akihema mdomo wazi ilhali hapakuwa na joto, akalia kwa sauti ndefu, na dakika ya kumi na mbili akaanza mwimo. Mpira aliukumbuka niliporejea. Mbwa aliyechoshwa na upweke hula kwanza, kisha hutafuta cha kuharibu. Mbwa anayeacha chakula akipendacho kwa sababu mwenye mbwa ameondoka, huyo ameshikwa na hofu. Kumbe nilikuwa na matatizo mawili nikiyatibu kama moja. Viatu na kochi vilikuwa habari ya meno na uvivu wa mchana, na hilo mpira, matembezi ya asubuhi na kabati lenye mlango vililimaliza. Mwimo ulikuwa habari nyingine.

Ninakiri pia kwamba nilikuwa nikimkaripia nikirudi, kwa sababu aliinamisha masikio kama mtu anayejua kosa lake. Utafiti wa Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia na akili za mbwa, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sura hiyo hutokana na ukali wa mwenye mbwa, awe mbwa amekosa au hakukosa. Kwa mbwa mwenye hofu, karipio la saa tatu baadaye humwongezea tu sababu ya kuogopa.

Kwa ushauri wa daktari wa wanyama nilianza upya: natoka sekunde chache, narudi kabla hajalia, naongeza muda kidogo kidogo, nikimtazama kwenye simu nikiwa nje, na siku za kazi anakaa na mtu. Kwa kazi hii kamera ifaayo ni ile inayoonyesha picha moja kwa moja pamoja na sauti. Ile inayotuma arifa tu kitu kikisogea haikuonyeshi dakika za utulivu, nazo ndizo unazozihesabu. Baada ya miezi miwili tumefika saa moja na nusu. Kizimba nimekitoa mlango, naye hulala humo. Juzi, dakika sita baada ya mimi kutoka, aliuvuta mpira kwa unyayo, akauegemeza ukutani na kuanza kuulamba.