Madirisha ya alumini kwenye nyumba ya pwani: uzoefu wangu

Nyumba iko Kigamboni, Dar es Salaam, na upepo wa bahari unaifikia moja kwa moja. Vyumbani niliweka slaidi (madirisha ya kutelezesha) za pande mbili, sebuleni madirisha ya bawaba. Yote ni alumini iliyopakwa rangi ya unga (powder coating), kioo milimita 5.

Fremu zenyewe ziko vizuri. Kinachoharibika mapema ni skrubu. Mafundi wengi hufunga kwa skrubu za chuma zilizopakwa zinki. Hewa ya chumvi ikishamaliza zinki, chuma kinashika kutu na alumini inayogusana nacho inaanza kuliwa. Kwenye dirisha la jiko dalili ziko wazi: rangi imevimba kuzunguka kichwa cha skrubu, na ukiibonyeza kwa kucha unatoka unga mweupe. Dai skrubu za stenlesi, namba 316 ikipatikana, na njoo na sumaku kabla fundi hajaanza kazi. Ya zinki itanasa papo hapo. Stenlesi ya 304 au 316 haivutwi, au inavutwa kidogo sana.

Slaidi inataka uangalizi zaidi kwenye reli ya chini. Mvua ya masika ikisukumwa na upepo hujaza reli, na maji yasipopata pa kutokea yanamwagika chumbani. Reli itobolewe upande wa nje, angalau matundu mawili kwa dirisha la mita 1.5, na kizingiti cha nje kiteremke kuelekea nje. Kosa la kawaida ni mpiga plasta au mtu wa silikoni kuyaziba matundu hayo. Mimina lita moja ya maji kwenye reli kabla hujamlipa fundi. Yakituama, kazi haijaisha.

Uliza pia magurudumu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Upande mmoja wa sentimita 75 kwa 150, kwa kioo cha milimita 5, ni kilo 14 hivi bila fremu. Gurudumu la plastiki lisilo na beringi hubonyea, dirisha likaanza kukwama.

Kwa hewa, bawaba ni bora bila ubishi: linafunguka karibu lote, wakati slaidi ya pande mbili inakupa nusu tu. Kwa joto la Dar nusu hiyo ni hasara kubwa. Ila bawaba likifunguka nje, grili na wavu wa mbu vyote vinakaa ndani, kwa hiyo wavu uwe wa kufunguka ili mkono ufikie komeo. Kwa slaidi agiza fremu ya reli tatu tangu mwanzo, ya tatu iwe ya wavu.

Kioo cha rangi hupunguza mwanga mkali, lakini chenyewe kinapata moto na kuurudisha ndani. Madirisha ya mashariki na magharibi yanahitaji kivuli cha nje, maana jua la huko linapiga likiwa chini. Kioo kinachoanzia karibu na sakafu kiwe kilichoimarishwa kwa joto (tempered), na vipimo vyake vihakikiwe mapema kwa sababu hakikatwi tena.

Ziba fremu kwa nailoni hadi plasta iishe. Saruji mbichi ikikaukia juu yake inaacha madoa yasiyotoka.