Niliomba indiketa zisizoonekana, nikarudishiwa gari linaloungua

Jina la gereji silitaji. Iko Ilala, haikauki wateja, na kwa Toyota mafundi wake hawana mpinzani. Hilo nawapa bila kinyongo. Ila kama gari lako ni la zamani, la enzi za wakoloni, pita kando. Au usipite. Ngoja nieleze, maana hasira haijaisha na uamuzi wenyewe sijaufikia.

Gari langu ni Land Rover Series One ya mwaka 1956, niliyoachiwa na marehemu mzee. Habari za injini na vipimo vyake atafute anayetaka. Ninachotaka mjue ni kwamba halina indiketa. Enzi hizo dereva akitaka kukata kona anatoa mkono dirishani na kila mtu barabarani anaelewa. Leo hii toa mkono wa kulia pale Buguruni uone. Bodaboda anadhani unamruhusu apite, wa daladala anadhani unamsalimia, na wa nyuma kabisa anapiga honi tu kwa sababu wenzake wamepiga. Kukata kulia ndiko kunakoua: wewe unaingia, boda naye anakupita kulia kwa kasi. Nimeponea chupuchupu si mara moja. Halafu ikifika wiki ya Nenda kwa Usalama, ukipeleka gari likaguliwe upate stika, afande analizunguka, anatabasamu, anapiga picha, kisha anauliza: "Mzee, indiketa ziko wapi?"

Basi nikaamua kufunga. Ila kwa sharti moja: zisionekane. Uso wa gari hili naujua tangu sijaanza shule, siwezi kuubandika mataa ya tela la mchanga. Wamarekani wanaochonga Ford za mwaka 1932 walishalimaliza tatizo hili zamani. Wengine wanafunga taa kubwa zenye kitaa kidogo cha indiketa kimekaa juu yake, wengine wanaficha vitaa mahali ambapo huvioni mpaka viwake. Nilitaka hivyo hivyo. Zikizima, gari libaki la 1956. Zikiwaka, boda anione.

Seti nikaipata Kariakoo: taa za LED nyembamba kama kalamu, pamoja na flasha yake ya miguu miwili, kile kidude kinachozifanya ziwake na kuzima. Muuzaji akaniapia zinakubali gari lolote la volti 12. Langu ni volti 12 kweli. Hakudanganya, ila hakumaliza sentensi.

Maana Land Rover za miaka ile, kama magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo, zimefungwa kinyume na haya tunayoendesha leo. Waya wa chanya wa betri ndio unaokwenda bodi, hasi ndiyo inayotembea kwenye swichi na mataa. Balbu ya kawaida haijali, umeme uje na huku au kule yenyewe itawaka. LED inajali. Ukiigeuzia haiwaki, na flasha ya kielektroniki ukiigeuzia unaweza kuiua. Mzee alinifundisha kufunga betri ya gari hili kabla hajanifundisha kuliendesha, kwa hiyo nilipofika gereji neno langu la kwanza baada ya salamu lilikuwa hilo. Nikamwambia fundi mkuu: "Fundi, hili chanya iko bodi. Naomba betri usiiguse mpaka tukubaliane."

Akaniangalia. Akafuta mikono kwenye kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akageukia wateja waliokaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya kutosha wote wasikie:

"Mzee wangu, fundi ni mimi au wewe?"

Benchi zima likacheka. Mimi nimetukanwa na makondakta, nimezomewa na mashabiki wa Simba nikiwa na jezi yangu ya Yanga mwilini, na yote yalipita. Hili halijapita. Kwanza lile "wangu". Mtu anakuita mzee wake huku anakudhalilisha mbele za watu. Pili, sikumfundisha kazi. Nilimpa taarifa ya gari ambayo yeye hakuwa nayo. Daktari anakuuliza unaumwa wapi, hakwambii daktari ni nani. Akaniambia niende nikanywe chai, jioni nije na hela.

Jioni nikaja na hela. Na hapa lazima niwe mkweli, kazi ilikuwa inapendeza. Za mbele kazipachika nyuma ya wavu wa grili, unasimama hatua mbili huzioni. Za nyuma kazibana chini ya ukingo wa bodi, usipoinama hujui kama kuna kitu. Swichi ndogo kaificha chini ya dashibodi, inafikika kwa kidole bila kuachia usukani. Akabonyeza: tik, tik, tik, rangi ya machungwa safi, mpaka watu wa duka la jirani wakatoka kutazama. Moyo ukalainika wote. Nikalipa laki na nusu bila kuomba nipunguziwe, nikaongeza na ya soda. Mngeniuliza saa ile ningewaambia fundi yule ana mdomo mchafu lakini ana mikono ya dhahabu, mpelekeeni magari yenu yote.

Sikuambiwa kwamba betri imegeuzwa.

Nikashika barabara ya Nyerere, giza linaingia, taa kubwa nimewasha, foleni ya kutambaa. Dashibodi ya gari hili ina mita ya ampea, sindano ikiangukia upande mmoja betri inachaji, upande wa pili inaliwa. Sindano imelala upande wa kuchaji, imetulia. Nikafurahi. Taa zote zinawaka, injini iko sailensa, inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, na bado inachaji! Kisha nikawasha indiketa nibadili njia, na kila taa ilipowaka sindano ikasogea kidogo tena upande wa kuchaji. Tik, inachaji. Tik, inachaji. Nani aliwahi kuona indiketa inajaza betri?

Kumbe ukigeuza betri, mita nayo inasoma kinyume. Umeme unamwagika, yenyewe inakwambia unaingia.

Kabla sijapata pa kuegesha tukavuka Tazara, foleni ikafunguka, wa nyuma wanapiga honi, nikakanyaga mafuta. Ile taa nyekundu ya chaji, ambayo siku zote injini ikichangamka huzimika, ikazidi kung'aa. Chini ya boneti kitu kikaanza kukereketa, trrrr, trrrr, na harufu ya waya unaoungua ikanijia mpaka kooni. Nikazima, nikaruka chini, nikafungua boneti, nikakamata waya mnene unaotoka betri kwenda bodi nikauvuta. Ukachomoka bila spana. Hakuukaza. Uzembe wake ndio ulioniokolea gari, na sijui hilo nalo niliweke kwenye hesabu gani.

Walionisukuma mpaka pembeni ni bodaboda wale wale niliowasema hapo juu. Nawaomba radhi, kwa siku ile tu.

Kwa wasioyajua magari haya: dinamo ya zamani, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, haichagui yenyewe chanya ni ipi. Inafuata sumaku ndogo iliyobaki ndani yake tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Ukigeuza betri bila kuigeuza dinamo, kila kimoja kinavuta upande wake. Injini ikiwa sailensa hakuna neno, kwa kuwa dinamo haijapata nguvu na katauti, yaani swichi ambayo ikifunga inaiunganisha na betri, haijafunga. Kanyaga mafuta, katauti inafunga, na badala ya dinamo kuijaza betri, nguvu za vyote viwili zinajumlishwa ndani ya waya mmoja. Ndiyo ile trrrr niliyoisikia, katauti inafunga na kufunguka huku inaungua. Ningechelewa kidogo ningekuwa naandika kuhusu majivu ya urithi wa mzee.

Siku chache baadaye nikalivuta gari mpaka gereji. Nilijiandaa kusikia pole. Neno moja, pole, ambalo Mtanzania anampa hata mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe. Fundi mkuu hakuinuka kwenye kiti. Alikuwa anakula mihogo. Akasema: "Mimi nilifunga indiketa, indiketa zinawaka. Hayo mengine ni ubovu wa gari lako, mzee. Hilo lipeleke makumbusho."

Nilichomjibu sikiandiki hapa, mna watoto wanaosoma.

Sasa, pale gereji kulikuwa na binti mmoja wa chuo cha ufundi cha VETA aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Nilimwona mara ya kwanza akiwa anafagia. Hakuna aliyekuwa anampa spana. Alikuja wakati mimi na bosi wake tumeshaacha kutazamana, akanisalimia, shikamoo baba, akauliza kama anaweza kuangalia. Hakugusa mita yoyote. Aliinamia betri akakaa kimya, halafu akaniita.

"Baba, hii ilikuwa chanya bodi, siyo?"

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha vichwa vya betri. Kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo na vibano vya waya havilingani. Kibano cha waya wa bodi, kile kikubwa, kilikuwa kimevishwa kwenye kichwa chembamba, na ili kisichezecheze fundi alikuwa ameviringishia kipande cha kopo la soda, maandishi mekundu bado yanasomeka. Kibano kidogo nacho kilikuwa kimepanuliwa kwa bisibisi mpaka kimepasuka ndipo kikakubali kukaa kwenye kichwa kinene. Yaani gari lenyewe lilimkatalia! Kila kitu mkononi mwake kilimwambia siyo hapa, naye akalazimisha, kwa kuwa fundi ni yeye.

Na marekebisho? Hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa upya, kwa kuwa yalikuwa madogo kupita kiasi. Binti akasema: "Baba, hizi taa zina waya mbili na mwili wake ni wa plastiki, hazijagusa bodi. Tunaupeleka mwekundu bodi, mweusi tunauleta kwenye swichi. Flasha tunaibadilisha miguu tu." Basi. Betri haikuhitaji kuguswa kabisa. Kazi iliyotaka kuniunguzia gari ilikuwa ni kubadilishana waya.

Akarudisha betri kama ilivyokuwa, akakifunga kibano kipya. Katauti haikufaa tena, tukapata nyingine kwa muuza spea za zamani pale Gerezani. Kisha dinamo: akachomoa waya zake, akachukua waya mmoja kutoka kwenye betri, upande wa hasi, akaugusisha kwenye kichwa chenye herufi F, mguso mfupi, cheche ndogo ya bluu, akaondoa. Akaniambia niwashe na nipandishe mafuta. Taa nyekundu ikazimika. Sindano ikaenda kuchaji, safari hii kwa haki, na nilipowasha taa kubwa ikashuka kama inavyopaswa. Nilipobonyeza swichi: tik, tik, tik.

Fundi mkuu aliposikia zinawaka akaja, akaegemea madigadi ya gari langu, akasema, "Si unaona mzee, nilikwambia hazina tatizo." Kisha akataka elfu arobaini ya ufundi.

Nililipa. Nikamwomba binti asogee, nikampa ya kwake mkononi mbele ya bosi wake, na nikasema mbele ya lile benchi, wakati huu limejaa watu wengine, kwamba aliyetengeneza gari hili ni huyu. Hawakucheka.

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Taa zenyewe, tano kamili. Usiku zinaonekana vizuri, mchana wa jua kali zinafifia kidogo lakini boda anaziona, na afande alipolikagua gari aliniuliza tena indiketa ziko wapi, nikabonyeza, akaruka nyuma akicheka. Stika nimepata. Muuzaji wa Kariakoo nampa tatu. Gereji nilikuwa nimewapa moja, nikaongeza mbili kwa ajili ya binti, nikiwa naandika sehemu ya mihogo nimezirudisha zote. Na kile kipande cha kopo la soda ninacho, nimekiweka kwenye droo ya gari, nikikiona tu presha inapanda.

Kufunga indiketa za kujificha kwenye gari la zamani inawezekana, tena kwa bei ya kawaida. Muulizeni fundi kwanza chanya ya gari lenu inakwenda wapi, na mtazameni usoni akiwa anajibu. Akikuuliza fundi ni nani, washa gari uondoke.

Mimi sasa nina kazi ndogo ya taa ya namba ya nyuma. Nitampigia yule binti nijue kama bado yupo pale. Kama mafunzo yake yameisha, nitamfuata huko aliko.