Pedi ya Pili: Mwongozo wa Kununua Gemu kwa Mwenza Asiyewahi Kucheza

Malalamiko ni yale yale, yatoke Mbagala au Mombasa: nimenunua mashine ya gemu, nimemwita mke wangu tucheze (au mume wangu, maana wapo wanawake wanaocheza na waume wanaobaki kukodoa macho), amekaa dakika kumi, ameweka pedi (kile kishikio cha kuchezea gemu) chini, kasema "haya mambo si yangu." Mlalamikaji anadhani amekosea gemu. Mara nyingi gemu haina kosa. Muulize huyo mwenza mgeni alishika pedi ipi, jibu ni moja: ile ya pili.

Kila nyumba yenye gemu ina pedi ya pili. Ni ile iliyokuja "bure" na mashine, au ile ya zamani iliyowekwa pembeni baada ya mpya kununuliwa. Analogi yake, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, inavuta kushoto kidogo. Mwenye nyumba ameizoea, kidole gumba chake kinairekebisha bila yeye kujua. Mgeni hana kidole hicho. Anamwona mtu wake akitembea mwenyewe mpaka ukingoni na kudumbukia, na kwa kuwa hajawahi kushika pedi nzima, anajilaumu yeye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anapewa jembe siku ya kwanza, na mpini wenyewe umepasuka.

Kwa hiyo hapa hutasoma habari za ukubwa wa hifadhi, 4K, wala fremu kwa sekunde. Hizo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Mashine zimepangwa kwa swali moja tu: mtu wa pili atashika nini?

Kwa nini analogi huvuta

Ndani ya analogi ya kawaida kuna vipimo viwili, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Kila kimoja kina njia nyembamba ya kaboni na ulimi wa chuma unaosugua juu yake. Kadiri unavyocheza, kaboni inalika, unga wake unabaki humo humo, na ulimi ukirudi katikati unasoma namba ambayo si sifuri. Ndiyo maana fundi akikupulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, pedi inapona wiki mbili tatu kisha inarudia. Unga umetoka, lakini kaboni iliyolika haiwezi kurudi.

Zipo analogi zinazotumia sumaku badala ya kaboni. Kwenye kasha zimeandikwa Hall Effect. Humo hakuna kinachosugua kwenye kipimo, kwa hiyo hakuna kinacholika. Likariri hilo jina, tutalirudia.

Kuipima pale pale dukani

Simu ya Android, toleo la 10 na kuendelea, inatosha. Kwa pedi ya PS4 (PlayStation 4 ya Sony), shikilia kitufe cha PS pamoja na Share mpaka taa ianze kuwaka na kuzima mbili mbili, kisha iunganishe kwa Bluetooth. Fungua kwenye kivinjari ukurasa wowote wa kupima pedi za gemu, ubonyeze kitufe kimoja ili pedi itambuliwe. Utaona namba nne za analogi.

Iweke pedi mezani, usiiguse. Namba zikicheza kati ya 0.00 na 0.05, sawa. Sasa sukuma kila analogi mpaka mwisho na uiachie kwa ghafla, mara kumi, kila upande. Ikirudi na kukaa 0.10 au zaidi, irudishe kwa mwenyewe. Wengi hupima pedi ikiwa imetulia tu, wakati ugonjwa huonekana pale analogi inapotoka safari.

Kisha bonyeza L2 na R2, vile vitufe vya kufyatulia vilivyo mbele ya pedi, polepole. Kwenye pedi halisi namba hupanda taratibu kutoka 0.00 mpaka 1.00. Pedi feki nyingi huruka kutoka sifuri hadi moja kama swichi ya taa. Kwenye gemu ya magari maana yake ni kwamba mgeni wako hana mafuta kidogo: ni kusimama au kufyatuka. Kipimo kingine cha feki ni kile kibao cha kugusa katikati. Kwenye feki nyingi kinabonyezeka lakini hakisikii kidole kikiteleza.

1. Nintendo Switch, ya kawaida au OLED, na pedi ya sumaku

Sifichi upendeleo wangu. Nintendo ndio pekee wanaotengeneza gemu huku wakimfikiria mtu ambaye hajui kidole kiende wapi. Tatizo kubwa la mgeni ni kamera: analogi ya kushoto inamwendesha mtu, ya kulia inageuza macho, na kichwa chake bado hakijagawanyika. Atatazama dari huku miguu inagonga ukuta. Gemu zao nyingi za kucheza wawili hazina kabisa mzigo huo.

Mario Kart 8 Deluxe ianze kabla ya zote. Mnapochagua gari, bonyeza kitufe cha + kwenye pedi ya mgeni. Washa msaada wa usukani, ambao unalizuia gari kutoka barabarani (utaona antena imechomoza nyuma ya gari), washa na mwendo wa kujiendesha ili asilazimike kushikilia A, kitufe cha mafuta. Zima usukani wa kuinamisha pedi, maana huo ndio humfanya mtu apinde mwili mzima na bado agonge. Anzeni na 50cc, mwendo wa chini kabisa. Akishaanza kukupita na kukutambia, zima msaada mmoja mmoja, kwa sababu ule wa usukani unazuia baadhi ya njia za mkato.

Baada ya hapo Super Mario Bros. Wonder ya 2023. Mpe mhusika Yoshi au Nabbit: hawa hawaumii wakiguswa na adui, mara nyingi wanakufa kwa kudumbukia shimoni, na hata hapo anageuka mzuka ambao ukiuwahi kuugusa anarudi mchezoni.

Sasa aibu ya Switch. Joy-Con, vile vipande viwili vinavyokuja na Switch, vina sifa mbaya kuliko pedi zote kwa kuvuta, kiasi kwamba Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Hata Switch 2 ya 2025 haikuwekewa analogi za sumaku. Tena ukikishika kipande kimoja kwa kulala, vitufe vya SL na SR vinakuwa kama punje za mchele. Kwa hiyo mashine unainunua, lakini mgeni humpi Joy-Con. Mnunulie pedi ya 8BitDo Ultimate ya Bluetooth, yenye analogi za sumaku, zile za Hall Effect. Soma kasha vizuri: ile iliyoandikwa 2.4G ni ya kompyuta, usibebeshwe kwa sababu rangi zinafanana. Na kama Joy-Con zako tayari zinavuta, kampuni ya GuliKit inauza analogi za sumaku za kubadilishia. Hakuna kuchomelea kwa risasi, ni utepe wa kuchomeka tu, ila uwe na bisibisi ya ncha tatu yenye umbo la Y.

Usinunue Switch Lite kwa kazi hii. Haiungi kwenye televisheni na vipande vyake havichomoki. Kwa Switch iliyotumika, dai chaja yake ya asili, ya volti 15 na ampea 2.6. Wauzaji hupachika chaja ya simu: betri inajaa, lakini ukiiweka kwenye kitako chake televisheni inabaki nyeusi.

2. PS4 Slim iliyotumika, na pedi ya pili mpya

Hii ndiyo iliyojaa madukani, na diski zake unaazima kwa jirani. Inafaa, kwa sharti kwamba fedha ya pedi ya pili unaitenga kabla ya kuanza kupatana bei ya mashine. Tafuta pedi ya PS4 iitwayo DualShock 4, yenye namba CUH-ZCT2 nyuma, ile ambayo mstari mwembamba wa taa unaonekana juu ya kibao cha kugusa. Usidanganywe ukauziwa pedi ya PS5: haiongozi PS4 moja kwa moja.

Pedi mpya ikigoma kuungana, kwanza badilisha waya. Waya nyingi za micro-USB za mtaani zinapitisha umeme tu, hazina nyuzi za data. Kisha bonyeza PS, mashine itauliza ni nani, chagua mgeni.

Gemu: Overcooked! All You Can Eat, yenye kamera iliyotulia, analogi moja, na hali ya msaada inayoongeza muda. It Takes Two ni nzuri mno na imetengenezwa kwa watu wawili tu, lakini inataka analogi zote mbili. Iwe ya tatu au ya nne, si ya kwanza. Mpira uache kabisa kwa sasa. Kumfunga mwenzako saba bila si kumkaribisha.

3. Xbox Series S

Pedi zake ni imara na zinatumia betri za AA, hivyo zikiisha katikati unabadilisha na kuendelea. Lakini haina mlango wa diski, kila gemu ni ya kupakua. Kwa anayenunua bando la GB, hesabu imeishia hapo.

Vile vijiti vya HDMI vya kuchomeka kwenye televisheni, vyenye "gemu elfu kumi" na pedi mbili za plastiki: pedi zake ndizo hasa zilizofanya uandikwe mwongozo huu.

Kuhusu wauzaji

Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, tangazo ni moja: picha ya mashine, pedi mbili, "gemu kumi bure", na bei "njoo inbox". Hivi bei ya kitu kilichopo rafuni ni siri ya nani? Hizo gemu kumi mara nyingi zimo kwenye akaunti ya muuzaji, inayouzwa kwa watu kadhaa. Siku akaihamishia mashine nyingine, zako zinafungwa kwa alama ya kufuli, na simu haipokelewi. Mwambie atoe gemu zote kumi, aweke pedi moja halisi uliyoipima mwenyewe. Akikataa, ujue ni kipi kati ya hivyo kina thamani kwake.

Na kama fedha imetosha pedi moja tu nzuri, hiyo ni yake. Wewe shika inayovuta, kidole chako kimeshaizoea.